Mfalme wa Mpingo na Dawa ya Viatu

Muuza duka wa kona alikuwa na swali lililomkereketa kwa miaka mingi. Iweje karakana yenye watu wanne, watatu wanavaa ndala na wa nne anavaa viatu visivyojua brashi, inunue makopo kumi na mawili ya dawa nyeusi ya viatu kila mwezi?

"Bi Msasa," alikuwa akiuliza huku anamfungia makopo kwenye gazeti, "hivi mnaila?"

"Tunapaka mkate," Bi Msasa alikuwa akimjibu, na kwenda zake.

Mimi sina sababu ya kuficha. Dawa ile ilikuwa inapakwa vinyago. Viboko, twiga, tembo, bakuli, vijiko vya saladi, na vile vichwa virefu vya watu ambao hakuna aliyewahi kukutana nao njiani. Vyote vilichongwa kwa mti wa muarobaini, ambao ndani ni mwekundu wa kufifia, vikapigwa msasa, vikapakwa dawa ya viatu, vikaanikwa juani hadi dawa iingie, vikasuguliwa kwa brashi, na mwisho wa yote vikawekwa rafuni kwa jina la mpingo. Nje, juu ya mlango, kulikuwa na kibao kilichochongwa kwa herufi za kujidai: MFALME WA MPINGO.

Mfalme mwenyewe alikuwa mume wa Bi Msasa, Mungu amrehemu. Alikuwa fundi kwelikweli, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Lakini mpingo! Katika karakana nzima ulikuwapo mmoja tu, kipande cha gogo cha ukubwa wa ngumi mbili, cheusi tii, kilichokaa chini kuzuia mlango usijibamize. Mgeni akiingia aliambiwa akiinue asikie uzito. Anainua, anaguna, anacheka, anaridhika, kisha anageuka na kununua twiga mwepesi ambaye hana udugu na kile kipande hata wa mbali.

Mfalme alikuwa na sababu zake. Mpingo ulitaka kibali, kibali kilitaka safari, na ukishaupata unavunja patasi. Wageni wa enzi zile nao walitaka cheusi. Ukimpa mgeni kiboko mwekundu anakiangalia kana kwamba kimeungua jua. Basi Mfalme akawapa walichotaka, na mkewe, mwenye viganja vikavu kwa msasa kuliko msasa wenyewe, akawa ndiye mpakaji mkuu wa dawa. Walikuwa wanacheka wote wawili. Walikuwa vijana.

Jambo moja tu ndilo lililokuwa halina mzaha kwa Mfalme. Hakuwahi kukata muarobaini uliosimama. Upepo mkubwa ukipiga, kesho yake alfajiri anapanda baiskeli kuzunguka mji, shuleni, zahanati, nyuma ya soko, kuuliza nini kimeanguka. Na kwa kuwa mti mbichi hupasuka usipokaushwa kivulini miezi minane, kila kipande alikiandika kitakoni kwa msumari wa moto. Mti gani, umetoka wapi, uliangukaje, mwezi gani. Kinyago kikiisha, yale maandishi yanazibwa kwa unga wa mbao na gundi, yanapakwa dawa, yanapotea. Huwezi kumuuzia mtu mpingo huku kitako kinapiga kelele muarobaini.

Alipofariki, karakana ikabaki kwa Bi Msasa na shemeji yake, mdogo wake Mfalme, ndiye huyo mwenye viatu visivyojua brashi, pamoja na wachongaji wawili. Wakaendelea vilevile. Msumari wa moto, gundi, dawa ya viatu.

Halafu wageni wakabadilika.

Kwanza alikuja binti mmoja mwenye mkoba mgongoni, akasoma kibao, akatikisa kichwa, akarudi kwenye basi. Wiki ile ile wakaja wengine wawili wenye kijitabu mkononi. Walikipekua, wakaangalia twiga, wakapekua tena, wakanong'ona, wakatoka. Mara basi zima linashuka, linapiga picha geti la jirani, linapanda. Bi Msasa alidhani kuna harufu. Aliwafagilisha wachongaji karakana mara mbili kwa siku moja.

Aliyemfumbua macho ni Kipaza, kijana aliyekuwa anawaongoza wageni wa lile basi la kila Alhamisi. Aliitwa Kipaza kwa sababu hakuwa anajua kusema polepole, hata msibani. Alikuja Jumamosi, peke yake, akakataa kukaa.

"Shangazi, siku hizi wageni wanapewa orodha kabla hawajapanda ndege. Vitu vya kutonunua. Ganda la kobe, ngozi, matumbawe, na mpingo. Mpingo uko juu kabisa! Wanasema unakwisha. Ofisini wametuandikia barua, duka lolote la mpingo tuliondoe kwenye njia yetu. Nina Alhamisi moja tu ya kukutetea."

"Kwa hiyo wakijua si mpingo watanunua?"

Kipaza alicheka, akaona mwenzake hacheki, akanyamaza. Akatazama rafu, akatazama kibao, akatazama makopo matatu ya dawa ya viatu juu ya benchi. Kijana yule si mjinga.

"Shangazi," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti ilishuka, "mimi sijasikia kitu. Na wao wasisikie. Mtu akikwambia leo kwamba alikudanganya miaka yote, kesho unanunua kwake?"

Akaondoka. Bi Msasa akakaa juu ya gogo la kuchongea. Fikirini wenyewe. Mti walioutumia ndio hasa mti ambao wageni wale walikuwa wanautafuta, umeangushwa na upepo, haujamkosea mtu. Na wao wakaupaka rangi ya kosa. Watu wengine huficha dhambi chini ya wema. Hawa walikuwa wameficha wema chini ya dhambi, tena kwa brashi na jasho. Na sasa basi la Alhamisi, ambalo ndilo lililokuwa linalisha nyumba tatu, lilikuwa linaondoka kwa kosa ambalo hawakulitenda.

Shemeji ndiye aliyekuja na akili. Shemeji huyu kwa kazi ni mzito, ila kwa ujanja angeweza kufungua chuo.

"Shemeji, tunaacha mpingo," akasema.

"Tutauachaje, na hatujawahi kuushika?"

"Ndiyo maana itakuwa rahisi. Sikiliza. Tunaondoa kibao. Tunaweka kingine, TUMEACHA MPINGO. Vitu vipya hatuvipaki dawa, tunaviacha na wekundu wake. Wageni wakija unawaambia, zamani tulikuwa tunakata mpingo, tulikuwa hatujui, sasa tumejua, tumetubu. Watu wanapenda mtu aliyetubu kuliko aliyekaa kimya na wema wake."

"Huo ni uongo juu ya uongo."

"Ni uongo unaoelekea kwenye ukweli. Vinyago si vitakuwa muarobaini, na tutasema muarobaini? Hapo uongo uko wapi?"

Bi Msasa alitaka kumwambia uongo uko wapi, lakini akawafikiria wachongaji wawili, mmoja mkewe ana ujauzito wa miezi saba, akamfikiria mama mkwe wake mzee ndani, akamfikiria na Mfalme. Akisema kweli, jina la Mfalme linakuwa jina la tapeli. Akisema alichotaka shemeji, Mfalme anabaki mfalme aliyekuwa hajui.

"Kiteremshe hicho kibao," akasema.

Wallahi, ilifana kuliko hata wao wenyewe walivyotarajia. Vyeusi vikafichwa, vipya vyekundu vikapangwa rafuni, na Alhamisi ile wageni walishuka, wakasoma, TUMEACHA MPINGO, wakaingia wote. Bi Msasa alisimama katikati ya karakana, Kipaza akatafsiri kwa sauti ya kuamsha mtaa, na aliposema "tumetubu" mama mmoja mnene mwenye miwani akaanza kupiga makofi, na wote wakafuata. Makofi! Bi Msasa aliangalia nyuma kuona nani kaingia. Rafu ikabaki na vijiko viwili.

Alhamisi ya pili makofi, ya tatu makofi. Kipaza akaanza kuwatayarisha wageni ndani ya basi kabisa, anawaambia wanakwenda kumwona mama aliyeweka patasi chini kwa ajili ya msitu. Patasi hakuwahi kuishika yule, alikuwa na msasa, lakini nani atauliza? Mwenyewe akaanza kunogewa. Sitamficha. Alikuwa ameongeza maneno mawili matatu, "nilikuwa nalala naota miti inalia," na siku aliyoyasema hayo shemeji alikwenda kujificha nyuma ya magogo akavunjika mbavu kwa kicheko.

Usiku akiwa peke yake hakuwa anacheka. Ila alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hulala.

Alhamisi ya nne akashuka mzee mmoja, wa mwisho kabisa, mrefu, mwenye kofia ya kitambaa na mkoba aliokumbatia kifuani kama watu wanavyobeba mtoto anayeumwa. Hakugusa rafu. Alisubiri Bi Msasa amalize toba yake, apigiwe makofi, kisha akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Kipaza akamsogelea. Mzee akasema kitu, na Kipaza akatafsiri kwa sauti, maana aliona jambo zuri linakuja.

"Shangazi, anasema alishawahi kufika hapa! Miaka ishirini na miwili iliyopita, yeye na mkewe. Alihudumiwa na bwana mmoja mcheshi, anauliza yuko wapi."

"Mwambie alifariki."

Mzee akainamisha kichwa. Akafungua mkoba, akatoa kitu kilichofungwa kitambaa cha maua madogo ya bluu, akakifungua polepole. Kilikuwa kiboko. Cheusi, kinang'aa bado, ukubwa wa mkate, kinywa wazi. Bi Msasa alimtambua kabla hajamshika. Sikio la kushoto lilikuwa jembamba kuliko la kulia, kwa sababu yeye mwenyewe alilipiga msasa kupita kiasi, ndio kwanza ameolewa hana mwaka, akamlilia mumewe kwamba ameharibu, na mumewe akasema mwache, kiboko huyu ni msikivu upande mmoja.

Mzee akawa anaongea, na Kipaza anamfuata.

"Anasema mkewe alimpenda kiboko huyu. Alimweka juu ya kabati la vitabu, miaka kumi. Halafu siku moja akasoma habari za mpingo. Kwamba unakwisha. Kwamba mti mmoja unachukua miaka sitini, sabini kukua. Akasema, nimeuaje mti kwa ajili ya pambo la kabati? Akamfunga kitambaa hiki, akamtia kabatini. Kumtupa hakuweza. Kumtazama pia hakuweza. Na kila mwaka akawa anatuma mchango kwa watu wanaopanda miti, anauita faini ya kiboko."

Wageni wengine wakacheka kidogo, kicheko cha huruma.

"Mkewe alifariki mwezi wa pili. Anasema kabla ya kufariki alimwagiza, mrudishe kwao, uwaombe radhi. Kwa hiyo amekuja." Sauti ya Kipaza ilianza kukwaruza. "Anasema, tusameheni."

Na yule mzee akamnyoosha kiboko kwa mikono miwili.

Mama mmoja alikuwa anafuta macho. Nyuma ya wageni, shemeji alikuwa anatikisa kichwa juu chini, juu chini, midomo yake inasema bila sauti, pokea, shemeji, pokea yaishe. Na kweli lilikuwa jambo jepesi. Kumpokea, kusema tumekusameheni, kumrudisha mzee wa watu kwake akiwa amepungukiwa mzigo. Basi litarudi Alhamisi nyingine na nyingine. Bi Msasa akanyoosha mikono, akampokea kiboko. Aibu ilimshika toka unyayoni, moto mtupu.

Mzee akauliza swali moja zaidi.

"Anauliza," Kipaza akasema, "ule mti ulikuwa mkubwa? Mkewe alikuwa akiuliza hivyo sana. Anataka kujua tu."

Hapo ndipo Bi Msasa aliposhindwa. Alikuwa amedanganya mengi, lakini hili lilimtaka akae chini atunge mti. Aupe urefu, aupe kivuli, kisha aukate mbele ya mjane huyu, ili apate kumsamehe mzee kwa mti huo. Ulimi ulikataa katakata.

"Mwambie si mpingo," akasema.

Kipaza akakodoa macho. "Shangazi."

"Mwambie ni muarobaini. Tuliupaka dawa ya viatu. Vyote tulivipaka dawa ya viatu, tangu siku ya kwanza. Hatujawahi kukata mpingo hata mmoja, wala hatujaacha kitu."

Kipaza akamgeukia mzee, akasema maneno marefu, laini, yenye tabasamu, na mzee akatabasamu pia, akaweka mkono kifuani. Bi Msasa lugha ile hakuijua, lakini hakuzaliwa jana. Uso wa mtu aliyeambiwa ametapeliwa haukunjuki namna ile.

"Hukumwambia."

"Shangazi, hilo sitafsiri. Wewe na mimi tutakula nini?"

"Basi usitafsiri," akasema Bi Msasa.

Pembeni ya benchi kulikuwa na ndoo ya maji waliyolowekea jiwe la kunolea. Akaivuta katikati, maji yakamwagikia miguu ya mama mwenye machozi. Akaenda mlangoni, akaokota kile kipande cha gogo, akamwonyesha mzee, akamwonyesha kila mtu. Mpingo. Neno hilo walilijua, lilikuwa kwenye kibao na kwenye kijitabu. Akakiachia. Kikazama chubwi, kikagonga kitako cha ndoo wote wakasikia.

Akamshika kiboko, akamwachia naye.

Kiboko alizama, akaibuka, akayumba, kisha akageuka chali, miguu minne juu, akatulia akielea kama mtu aliyekuja kuogelea.

Bi Msasa akamtoa, akachukua msasa mfukoni mwa aproni, akamsugua tumboni mara tano kwa nguvu. Weusi ukatoka kwa unga, chini yake ukatokeza mti mwekundu wa kufifia, sawasawa na vijiko vilivyokuwa rafuni. Akashika kopo la dawa ya viatu, akaliweka kando ya kiboko juu ya benchi.

Wa kwanza kuelewa ni kijana mmoja mwenye kijitabu. Alicheka kwa sauti, kisha akaona mzee, akajikata. Yule mama mwenye machozi akaweka chini bakuli alilokuwa amelishika. Wengine wakaanza kuulizana, wakageuka kukitazama kibao cha toba, na nyuso zikabadilika moja baada ya nyingine. Kupigia makofi dhambi isiyokuwapo ni jambo linalouma, mtu hujiona mpumbavu. Wakatoka. Wachache walibaki na walichonunua, wengi walirudisha, na hakuna aliyetukana. Ingekuwa afadhali watukane.

"Umeniua, Shangazi," Kipaza akasema. "Ofisini nitasema nini?"

"Sema ulichokiona."

"Basi halitasimama tena hapa."

"Najua."

Mzee peke yake hakutoka. Alikuwa amekaa juu ya gogo la kuchongea, kofia mapajani, anamtazama kiboko. Akauliza kitu, na safari hii Kipaza alitafsiri polepole, neno kwa neno, kama anahesabu mayai.

"Anauliza, tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

Mzee akasema, na Kipaza akatafsiri: "Miaka kumi na miwili kabatini. Mke wangu alikuwa akipita karibu na kabati lile anageuza uso."

Bi Msasa alianza kulia. Alilia bila kujificha, akiwa amesimama, aproni imelowa. Alikuwa amefikiri siku zote kwamba dawa ya viatu haimuumizi mtu. Mgeni kapata cheusi chake, wao wamepata riziki yao, wote wamecheka. Kumbe kulikuwa na mwanamke mahali fulani, hawakumjua hata jina, analipa kila mwaka.

"Mwambie anisamehe," akasema.

Mzee akasikiliza tafsiri. Jibu lake lilikuwa fupi.

"Anasema, mimi naweza. Yeye hawezi tena."

Nje dereva akapiga honi. Hakuna aliyejisogeza. Mzee akafuta uso kwa kiganja, akaonyesha kiboko kwa kidole, akauliza tena.

"Anasema, sasa huu ni mti gani? Ulikatwa wapi?"

Bi Msasa alifungua mdomo kusema hajui, ni miaka ishirini na miwili, miti ilikuwa mingi. Kisha akakumbuka. Alimgeuza kiboko kwa haraka, akakaa chini sakafuni, akambana katikati ya magoti, akaanza kusugua kitako. Alisugua kama mtu anayefukua. Unga mweusi, kisha kahawia, kisha gundi kavu ikaanza kubanduka vipande vipande, na chini yake zikatokeza herufi zilizochomwa kwa msumari, zimepinda, za mkono wa Mfalme, ambaye shule aliiona kwa mbali.

MUAROBAINI. ZAHANATI. UPEPO. MWEZI WA NNE.

"Jamani, huyu bwana," Bi Msasa akasema, na kilio kikachanganyika na kicheko. "Jamani, huyu bwana! Aliandika."

Shemeji alisogea, akasoma, akavua kofia yake bila kujua. Kipaza akapiga magoti, akamsomea mzee neno moja moja. Muarobaini. Ulikuwa mti wa zahanati. Uliangushwa na upepo, mwezi wa nne. Haukukatwa na mtu. Safari hii Bi Msasa alikuwa anautazama uso wa mzee, na akajua tafsiri imefika yote.

Mzee akanyoosha kidole, akakipitisha juu ya herufi.

"Anauliza, upepo ni lipi?"

Bi Msasa akamshika kidole, akakiweka mahali pake.

"Upepo," mzee akasema, kwa Kiswahili, vibaya kidogo.

"Upepo," Bi Msasa akasema.

Honi ikalia tena, ndefu. Mzee hakuinua kichwa. Alichukua msasa mkononi mwa Bi Msasa, akamweka kiboko mapajani, akaanza kumsugua mgongo. Alikuwa anasugua ovyo, akizikata nyuzi za mti. Bi Msasa alimvumilia kidogo, kisha kazi ikamshinda kuivumilia, akamshika mkono, akamwonyesha kufuata mti unakoelekea. Baada ya hapo akasugua vizuri. Kipaza akasema atawapeleka wengine hotelini, atarudi kumchukua saa kumi.

Shemeji alibaki amesimama na kopo la dawa ya viatu, hajui afanye nalo nini.

"Hili niliweke wapi, shemeji?"

"Kapake viatu."

Na kweli alikwenda akapaka.

Sitaki kutia chumvi mwisho wa habari hii. Alhamisi iliyofuata basi lilipita bila kusimama, Kipaza akatazama upande wa pili. Iliyofuata likapita pia. Mchongaji yule ambaye mkewe alikuwa na ujauzito alikwenda kutafuta kazi kwa fundi seremala, na Bi Msasa hakumzuia. Kibao cha toba kiliteremshwa, hakikuwekwa kingine. Alhamisi ya tano hivi basi lilisimama, wakashuka watu sita kati ya ishirini, na wa kwanza wao akachukua bakuli, akaligeuza, akataka asomewe kitakoni. Inasemekana mzee aliongea hotelini. Watu sita si ishirini. Lakini muuza duka wa kona alilalamika kwamba makopo yanamwozea.

Jambo la mwisho lilitokea siku ile ile aliyokuja mzee, saa kumi, Kipaza aliporudi. Kiboko alikuwa mwekundu wote, mwili, miguu, hata ndani ya kinywa. Weusi ulikuwa umebaki mahali pamoja tu, kwenye mkunjo wa sikio la kushoto, lile jembamba, ambapo vidole vya mzee havikufika. Bi Msasa akakata kipande chembamba cha msasa, akakikunja, akamnyooshea mzee amalizie.

Mzee akamzuia mkono.

"Anasema hapo paachwe," Kipaza akatafsiri. "Anasema mkewe alimpenda akiwa mweusi."

Kisha akamweka kiboko kwapani, wazi, bila kumfunga, akatoka naye juani. Kile kitambaa cha maua ya bluu alikiacha juu ya benchi.